Sonona kwa Wazee Wetu: Ni Uzee, Ni Uchawi, au Ni Maradhi?



Tumepokea swali kutoka kwa dada yetu anayeishi Unguja, ambaye mama yake mzazi yuko Mikindani, Mtwara. Jina lake tumeliondoa na mengineyo yanayoweza kumtambulisha. Anasema baba yao alifariki mwaka juzi, na mama alikaa eda kwa subira mpaka watu wakamsifu. Alipotoka eda hakurudi katika hali yake. Alikuwa mtu wa darsa ya akina mama kila Alhamisi baada ya Alasiri, na mikorosho yake alikuwa akiisimamia mwenyewe, akijua kila mti umetoa nini. Sasa darsa haendi. Msimu uliopita korosho zimeokotwa na majirani. Ukimuuliza anaumwa nini, anasema mwili wote. Mara mgongo, mara kifua kinambana, usiku halali, chakula anakisogeza pembeni. Zahanati wamempima malaria mara tatu, hana.

Kaka mkubwa anasema huo ni uzee, mama ana miaka 71. Mjomba, ambaye kwa watu wa kule neno lake ni zito, anasema amefanyiwa jambo, apelekwe kwa mganga ng'ambo ya Ruvuma. Mdogo wao wa mwisho anasema mama imani yake imepungua, angezidisha adhkaar hayo yote yangemuondoka. Dada anauliza ni nani aliyesema kweli, na yeye aliye kisiwani afanye nini.

Sisi si matabibu, na hata tabibu hampimi mtu kwa barua. Lakini tulivyoisoma habari hii, tunaona yawezekana kabisa kwamba wote watatu wamekosea, na kwamba mama ana maradhi yanayojulikana, yenye jina na yenye tiba. Yanaitwa sonona.

Mtaani neno hili halitumiki sana. Tunasema fulani ana mawazo, amejiinamia, hana raha. Matabibu wanapolitumia wanakusudia kitu mahsusi: huzuni, au kukosa hamu na mambo ambayo mtu alikuwa akiyapenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na mabadiliko katika usingizi, chakula, nguvu za mwili na fikra, na mara nyingi mtu kujiona mzigo kwa wenzake. Kwa mzee, huzuni yenyewe inaweza isionekane kabisa. Halii wala hasemi ana huzuni, ila husema mgongo unauma. Ndiyo maana wengi huzunguka zahanati hadi zahanati wakipewa dawa za maumivu na vitamini.

Waliofuatiliwa kwa miaka

Kumpima mzee siku moja ni kama kuitazama bahari mara moja. Hujui kama maji yanajaa au yanakupwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wamefanya tafiti za aina nyingine, ambapo watu wale wale huulizwa tena na tena kwa miaka mingi. Hapo ndipo hujulikana nini kilitangulia na nini kilifuata, nani alipona na nani hakupona.

Mojawapo ya tafiti zinazojulikana zaidi ilianza Uholanzi mwaka 1992. Iliwachukua watu zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 85, walioishi majumbani mwao na si waliolazwa hospitali. Miongoni mwao, 277 waliokuwa na dalili za sonona walifuatiliwa kwa karibu kwa miaka 6, wakiulizwa hali zao mara 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002, na yanapaswa kumkosesha usingizi kila mwenye mzazi. Katika kila 100, walioondokewa na maradhi ni kama 23 tu. 44 walikuwa wakipanda na kushuka, leo nafuu, mwezi ujao wamerudi kule kule. Na 32 walibaki na hali nzito muda wote ule. Wale ambao dalili zao zilikuwa za kupita tu walikuwa 14 kwa kila 100.

Basi yule anayesema tumwache, itamtoka yenyewe, anasubiri jambo ambalo kwa wengi halikutokea katika miaka 6.

Mtu atasema hao ni Wazungu, wazee wao wanaishi peke yao na paka, wetu wanaishi na wajukuu. Tulidhani hivyo nasi. Lakini kuna utafiti wa Ibadan, Nigeria, chini ya Profesa Oye Gureje, ulioanza mwaka 2003 kwa kuwahoji wazee 2,152 wa miaka 65 na zaidi katika majimbo yanayozungumza Kiyoruba, wengi wao wakiwa wamezungukwa na jamaa kama sisi. Katika mwaka mmoja uliotangulia mahojiano, wazee 7 katika kila 100 walikuwa wamepata sonona kamili. Kisha wale waliokuwa hawana maradhi wakafuatiliwa kwa miaka mitatu na kidogo, kuona nani atayapata. Waliopata zaidi walikuwa wanawake, watu wa vijijini, na wale ambao tangu mwanzo walikuwa na watu wachache wa kuwategemea na kukaa nao.

Hilo la vijijini lilitusimamisha. Sisi wa visiwani tunapenda kusema mzee akibaki kijijini kwake ndipo alipo salama, hewa safi, watu wake wamemzunguka. Huko Ibadan haikuwa hivyo.

Hapa kwetu Tanzania, kazi kubwa imefanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Huko tangu mwaka 1992 kaya za vijiji vingi zimekuwa zikihesabiwa na kufuatiliwa, na juu ya msingi huo watafiti wa hospitali ya KCMC na wenzao wa Newcastle, Uingereza, wamechunguza maradhi ya wazee kwa miaka mingi: kiharusi, maradhi ya kutetemeka, maradhi ya kusahau, na sonona. Walipowachunguza watu wa miaka 60 na zaidi, takriban mmoja kati ya watano alikutwa na sonona. Katika utafiti wao mwingine, wa mwaka 2010, waliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji sita, wakakuta wenye maradhi ya kusahau ni kama 6 tu katika 100. Hili linamgusa kaka mkubwa moja kwa moja. Mara nyingi mzee mwenye sonona huonekana kama amepoteza akili: hajibu haraka, hasikilizi, anasahau alichotumwa. Jamaa wakasema ni uzee, basi. Kumbe kusahau huko huenda kukaondoka sonona ikitibiwa.

Pwani ya Mtwara si Hai. Lakini ukiyatazama mambo ambayo tafiti hizi zimeyataja, unayaona yote kule. Vijana wameondoka kwenda Dar es Salaam, na msimu wa korosho ukiisha hata wale wachache waliokuja hurudi. Mzee wa Bara ambaye hakuwa mtumishi wa serikali wala kampuni hana pensheni ya jamii, tofauti na Zanzibar ambako wazee wote waliofikia miaka 70 walianza kulipwa Aprili 2016, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Mzee wa Msangamkuu mwenye mtoto wa jicho lazima avuke maji kabla hata ya kuanza safari ya hospitali. Vijiji vya kandokando ya Ruvuma navyo vina lao: Oktoba 2020 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya mto waliishambulia Kitaya, na hofu ya usiku kama ule haimtoki mtu kwa sababu tu askari wamekuja. (Ukichukua na hilo, kumvusha mto bibi wa miaka 71 kumfuata mganga ni jambo la kushangaza hata kabla hatujaitazama hukumu yake.)

Je, ni upungufu wa imani?

Hapa tunataka kusimama kidogo, kwa sababu maneno ya mdogo wake dada yetu ndiyo tunayoyasikia zaidi misikitini, na ndiyo yanayowaumiza wazee zaidi.

Tumsome Nabii Ya'quub ('alayhis salaam) katika Surat Yuusuf. Alikuwa Nabii, mwana wa Nabii, mjukuu wa Nabii, na ndiye aliyesema atakuwa na subira njema. Hata hivyo huzuni ya kumpoteza mwanawe ilimfikia mpaka macho yake yakawa meupe. Wanawe walimwambia nini? Walimlaumu kwamba hataacha kumkumbuka Yuusuf mpaka aangamie. Maneno yale yale ambayo watoto wa leo huwaambia mama zao: umezidi, miaka miwili sasa, msahau baba. Naye aliwajibu kwamba masikitiko yake anamshitakia Allaah, na kwamba anajua kutoka kwa Allaah wasiyoyajua wao. Huzuni ile nzito na imani ile timilifu zilikuwa ndani ya moyo mmoja.

Wanavyuoni wetu wa zamani hawakulichanganya jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na nafsi. Ndani yake aliigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo mwenyewe anajua sababu yake, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na ile inayomjia mtu bila ya kujua imetoka wapi, ambayo aliihusisha na mwili na damu. Akaeleza kwamba nafsi hutibiwa kwa maneno na fikra, na mwili hutibiwa kwa dawa. Hayo aliyasema zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na hakumwambia mgonjwa akazidishe imani kisha akamwacha.

Kumkumbuka Allaah kunatuliza moyo, hakuna Muislamu anayelipinga hilo. Lakini mama aliyevunjika mguu hatuambiwi tumsomee tu bila kumpeleka kufungwa mguu. Na mwenye sonona mara nyingi hata hiyo adhkaar imekuwa nzito mdomoni mwake, akiswali haoni ladha, kisha anajilaumu kwa hilo. Ukimwambia imani yako ndogo, umemuongezea jiwe juu ya jiwe.

Ama mganga wa ramli, hukumu yake inajulikana, haifai kumwendea wala kumsadikisha. Ruqya ya kisheria, kwa Qur-aan na dua, ni njema na haigongani na hospitali. Asome mwenyewe, wamsomee wanawe. Lakini msomaji yeyote atakayesema acheni dawa za hospitali kwanza ndipo nisome, huyo msimrudie. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ametuhimiza kutafuta tiba na akatufahamisha kwamba kila maradhi yana dawa yake isipokuwa ukongwe. Kaka mkubwa asije akaishika hiyo ya mwisho akasema si mnaona. Ukongwe ni nywele nyeupe na magoti. Kukataa chakula na kutamani kufa si ukongwe.

Afanye nini aliye mbali

Kwanza mama apelekwe hospitali, na aende na mtu anayemjua, awezaye kueleza kwamba alikuwa hivi na sasa yuko hivi. Zahanati ikishindwa, ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula, na ipo hospitali ya rufaa ya kanda ya kusini huko Mitengo, zote hazipo mbali na Mikindani. Aliyempeleka aseme wazi: tunaomba apimwe na sonona pia. Wengi hawasemi, na daktari mwenye foleni ndefu akiambiwa mgongo anatibu mgongo. Wamwangalie pia damu, sukari, presha, tezi ya shingo, macho na masikio, kwa sababu upungufu wa damu au tezi iliyolegea huweza kumfanya mtu aonekane ana sonona, na mzee asiyesikia hujitenga na watu bila ya kupenda.

Huenda wakamuuliza maswali kama 15 ya ndiyo au hapana: ameacha shughuli zake, anaona maisha yamekuwa matupu, anapendelea kubaki ndani kuliko kutoka. Maswali ya namna hiyo yalitungwa mahsusi kwa wazee mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa makusudi hayaulizi usingizi wala hamu ya chakula, maana hayo kwa mzee huvurugwa na maradhi mengi. Asijibiwe na mwanawe. Na ikiwezekana aulizwe faragha, kwani mama wa pwani hatasema mbele ya mkwewe kwamba amechoka kuishi.

Akipewa dawa, jueni mambo mawili matatu. Hazifanyi kazi siku ya pili kama za maumivu. Nafuu huanza baada ya wiki mbili na zaidi, kwa mzee huweza kufika wiki sita au nane. Wengi huacha wiki ya kwanza wakisema hazisaidii. Amitriptilini, iliyozoeleka katika hospitali zetu, huweza kumpa mzee kizunguzungu anaposimama, kinywa kikavu, na kwa wanaume wenye tezi dume mkojo kukwama. Huanzwa kwa kipimo kidogo, na kizunguzungu kikizidi daktari aambiwe haraka, kwa sababu mzee akianguka nyonga huvunjika. Zipo nyingine, kama fluoksetini. Akipata nafuu asiache ghafla. Kawaida huendelea miezi 6 au zaidi mpaka daktari aseme.

Dawa si njia pekee. Goa, pwani ya magharibi ya India, jimbo la bahari na wavuvi, walichukuliwa wazee 181 waliokuwa wameanza kuwa na dalili lakini hawajafikia maradhi kamili. Nusu yao walitembelewa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo, si madaktari, wakasaidiwa kuyagawa matatizo yao vipande vidogo na kuyatatua kimoja kimoja, kurekebisha usingizi, kuangalia sukari na maumivu yao, na kufuatilia haki zao serikalini. Baada ya mwaka mmoja, waliopata sonona kamili katika kundi hilo walikuwa kama 4 kwa 100; katika kundi lililopata huduma ya kawaida, 14. Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda amewafundisha mabibi wa mitaa ya Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza kwa utaratibu maalumu, na mpango huo umefika hadi Zanzibar. Mabibi ndio wanaotibu. Tunalitaja hili kwa sababu wazee wengi hawaugui kwa kukosa kuhudumiwa tu, wanaugua pia kwa kukosa wa kumhudumia.

Kwa hiyo dada, unapompigia mama simu, usimuulize umekula umelala pekee. Muulize jambo analolijua yeye: dua fulani, namna ya kupika kitu, mikorosho ipi ipuliziwe salfa kwanza. Pesa unayotuma itumie kwenye simu yake mwenyewe, hata ikiwa kidogo, isipitie kwa kaka. Wale wenzake wa darsa, ongea na mmoja wao ampitie mlangoni kila Alhamisi. Asimwambie karibu darsani, amwambie nimekuja kukuchukua, twende. Mara ya kwanza atakataa, na ya pili. Uji wa shayiri unaoitwa talbina, ambao Bibi 'Aaishah (radhiya Allaahu 'anhaa) akiwaandalia wafiwa kwa kuwa Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alieleza kwamba unaupa moyo nafuu, nao si vibaya apikiwe, na ukikosekana shayiri hata uji wa mtama kwa mtu asiyekula una faida yake.

Jambo moja halingoji. Mzee akisema bora Mola anichukue, au akaanza kugawa vitu vyake na kuaga, au akakataa kabisa maji na chakula, msimjibu kwamba kutamani mauti hairuhusiwi. Anajua. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake usiku, na dawa za nyumbani na sumu za shambani ziwekwe mbali naye.

Umeuliza pia kuhusu Ramadhaan, kwamba mama anakataa kuanza dawa kwa kuogopa zitamfunguza. Dawa nyingi za sonona humezwa mara moja kwa siku, na daktari akiambiwa anaweza kumpangia baada ya futari au usiku wakati wa kulala. Daktari akisema hali yake haimruhusu kufunga, au mwenyewe amedhoofika kwa kutokula, basi ni mgonjwa kama wagonjwa wengine na ruhusa ya kula ni yake. Akipona atalipa siku zake. Ikithibitika kwamba hatarajiwi kuweza tena, kwa ugonjwa usiopona au kwa ukongwe, atatoa fidya, kumlisha maskini mmoja kwa kila siku, na nyinyi wanawe mnaweza kumtolea kwa idhini yake. Mwambieni hilo sasa, msisubiri mwezi uandame, ili woga huo usimzuie kupanda gari kwenda Ligula wiki hii.

Wallaahu a'lam.